Dawati la Jinsia na Watoto: Mapokezi Mema, Mzunguko Mrefu

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wengi tunauita MTAKUWWA, ulianza kutekelezwa Tanzania mwaka wa fedha 2017/18, baada ya mipango minane iliyokuwa ikienda kila mmoja kivyake kuunganishwa kuwa mmoja. Mwananchi wa kawaida hausomi waraka huo. Hukutana nao kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na huko ndiko nilikoupima, siku nilipomsindikiza jirani yangu aliyepigwa na mumewe.

Mapokezi nayapa alama za juu. Hatukusimamishwa kaunta kujieleza mbele ya watu waliofuatilia pikipiki zao zilizokamatwa. Askari wa kike alituingiza chumba cha pembeni, akafunga mlango, akaandika maelezo taratibu, na kila jirani aliponyamaza aliweka kalamu chini akasubiri. Ile kauli ya "kayamalizeni nyumbani", niliyokwenda nimejiandaa kuibishia, hakuitamka. Ilitoka kwa shemeji aliyekuwa akipiga simu tangu asubuhi, na askari akamfahamisha jirani kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumchapa mwenzake.

Ulegevu ulianzia kwenye karatasi. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza ili majeraha yawe ushahidi, ilikuwa imebaki moja tu, tukaagizwa tukatoe nakala kwenye kibanda cha steshenari ng'ambo ya barabara. Kijana wa mashine aliitazama fomu, akalitazama jicho la jirani lililovimba, asiseme neno. Jirani akavuta mtandio hadi kwenye paji la uso. Hospitalini tulipanga foleni ya kawaida, naye akasimulia yote upya mapokezini, kisha kwa muuguzi, kisha kwa daktari. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilibuniwa kuondoa adha hiyohiyo, kwa kuwaweka polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, lakini si kila hospitali inacho, na yetu haikuwa nacho.

Lengo la awamu ya kwanza ya MTAKUWWA lilikuwa kupunguza ukatili kwa asilimia 50 ifikapo mwaka 2022. Ni lengo zuri, ila mimi ningeanza na rimu ya karatasi kwenye kila dawati.

Je, ningempeleka mtu tena? Ndiyo, bila kusita, kwa sababu ya kile chumba chenye mlango. Anayekwenda aende mapema, awe na mtu wa kumshika mkono, na ikiwa amebakwa asioge kwanza, afike hospitali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kujikinga na VVU hazitolewi baada ya hapo.