Dhahabu ya kuweka akiba bei za vitu zinaposhuka: uliza kwanza utairudisha kwa bei gani

Niliwahi kununua vipande kumi vya gramu moja moja, kila kimoja ndani ya kadi yake ya plastiki yenye muhuri. Siku ya kuviuza, mnunuzi alishika mkasi mbele ya macho yangu, akakata kadi zote kumi, akamwaga dhahabu kwenye mizani, kisha akanipa bei ya kuyeyusha. Kadi na mihuri niliyoilipia ikaachwa mezani kama taka. Bei ya dhahabu duniani haikuwa imeshuka, lakini nilitoka na pesa pungufu.

Karati na mahali pa kuficha yamesemwa vya kutosha. Mimi naangalia pengo kati ya bei unayonunulia na bei utakayouzia. Wakati wa mfumuko wa bei, dhahabu ikipanda pengo hilo linafunikwa na kusahaulika. Bei za vitu zinapoporomoka, hata pesa taslimu iliyolala tu inazidi kununua vitu vingi. Tuseme ulimwachia muuzaji asilimia 8 siku ya kwanza: umeanza mbio ukiwa nyuma ya mtu aliyeacha pesa zake kabatini.

Msidanganywe na hadithi ya miaka ya 1930, kwamba dhahabu hulinda akiba bei za vitu zinaposhuka. Ni kweli, kati ya 1929 na 1933 bei za vitu Marekani zilishuka kwa takriban robo, na wakia moja ya dhahabu (gramu 31.1) ikanunua zaidi. Lakini dhahabu ilikuwa imefungwa kisheria kwenye dola 20.67 kwa wakia. Aprili 1933 Rais Roosevelt aliamuru wananchi waisalimishe kwa bei hiyohiyo, na Januari 1934 ikapandishwa hadi dola 35. Leo bei yake haina kamba. Machi 2008 ilivuka dola 1,000. Kufikia Novemba ilikuwa imeteremka hadi dola mia saba na kitu, maana waliobanwa na madeni waliuza chochote chenye mnunuzi. Waliosubiri walifidiwa baadaye. Waliolazimika kuuza siku zile walikatwa na soko, kisha wakakatwa na pengo.

Kwangu dhahabu ya kwanza kununua ni sarafu ya Krugerrand ya wakia moja, na sifichi mapenzi yangu. Afrika Kusini imeitoa tangu 1967, na wanunuzi wa dhahabu wanaijua bila maelezo. Ina uzito wa karibu gramu 33.9, ndani yake dhahabu tupu gramu 31.1, kinachobaki ni shaba, inayoipa wekundu na ugumu. Yangu nimeishika mara nyingi, na miguu ya yule swala bado imechongoka. Sarafu ya Maple Leaf ya Kanada ni safi zaidi, sehemu 999.9 kwa kila 1,000, lakini ni laini: inakwaruzika upesi, na mnunuzi mkorofi hugeuza mkwaruzo kuwa sababu ya kukupunja. Chukua wakia nzima, usichukue robo nne, kwa kuwa kila robo ina gharama yake ya kutengenezwa.

La pili ni tofali la gramu 100. Pengo lake kwa kila gramu ni dogo, ila huwezi kuuza nusu ukihitaji nusu.

Tatu, mfuko wa dhahabu kwenye soko la hisa, kama SPDR Gold Shares ulioanza 2004. Nakiri hapa pengo ni jembamba kuliko kote, na ada ni asilimia 0.40 kwa mwaka. Lakini dhahabu iko kwenye hazina ya wengine, na bei zinapoporomoka ndipo taasisi huanguka.

Vito ni vya kuvaa. Vipande vya gramu moja, acheni.

Kinachoniuma ni wauzaji wanaobandika bei moja tu ukutani. Nilimuuliza mmoja angeinunua tena kwa kiasi gani sarafu aliyokuwa ananiuzia. Akasema inategemea siku. Nikamwambia anitajie ya leo, dakika ile ile. Akainama chini ya meza, akaibuka na kasha la mahameli, akaanza kunieleza jinsi linavyofungwa.