Saloni ya Kondele: hii wigi imekaa jamani (4 kwa 5)

Niseme tu ukweli, wigi za leisi (zile zenye wavu mwembamba mbele unaobandikwa kwa paji) mimi nilikuwa nimezikatia tamaa. Mwezi wa nne kuna saloni moja hapa tauni, siitaji, walinibandika frontali, yaani leisi ya kutoka sikio hadi sikio, asubuhi ya harusi ya binamu yangu huko Bondo, gundi wakamwaga kama uji, nusu saa nikaambiwa niende. Kufika saa saba jua limewaka na jasho linatiririka, shangazi akanivuta kando akaninong'onezea, "Nyathina, hiyo nywele yako inarudi nyuma." Nilishinda na leso kichwani mpaka jioni, hata picha sina.

Sasa hii ya Kondele nilielekezwa na mtu wa kazini. Ni chumba kidogo tu, viti vitatu na feni moja inayopulizia ukuta. Nilienda Alhamisi nikidhani naketi, natengenezwa, natoka nimewaka. Wapi! Dada akapokea wigi, akaigeuza ndani nje, akapima leisi (ni ile ya inchi 13 kwa 4), halafu akanipaka tone moja la gundi nyuma ya sikio akasema nirudi Jumosi, pakiwasha tutatafuta gundi ingine. Nilikasirika juu hiyo ni nauli ya tuktuk mara mbili, lakini kuna mwenzangu aliwahi kutokwa na malengelenge kwa paji lote la uso, so nikanyamaza.

Jumosi nikapata wigi ishaoshwa na nooti zimeblichiwa. Kama hujui, nooti ni zile doti nyeusi mahali kila unywele umefungwa kwa leisi, na hizo ndizo huwaambia watu ni wigi ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Blichi yake huwa anaikoroga ikawa nzito kama siagi na anapaka juu juu tu upande wa ndani, manake ikiwa majimaji inapenya mpaka kwa nywele unabaki na mizizi ya rangi ya chungwa. Yangu ilikuwa imeanza kuchungwika kidogo akaituliza na shampoo ya zambarau. Akachukua kibano akanyofoa nywele za mbele moja moja, juu wigi mpya huja na msitu hapo kwa paji na hakuna mtu huzaliwa hivyo.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kichwa changu. Matuta madogo madogo yamelala kabisa, ncha zimeshonewa chini, hakuna kifundo hata kimoja, hiyo peke yake ilimaliza saa nzima na zaidi. Nikamuuliza mbona matuta ya kufichwa yasukwe vizuri hivyo, akacheka, "Dada, wigi inashikwa na kichwa, gundi inasaidia tu." Halafu akapitisha pamba yenye spiriti kwa paji, ikatoka kahawia aki nikaona aibu, kumbe yale mafuta nilijipaka asubuhi ndiyo hufanya gundi iteleze. Kofia ya soksi ikafuata, kisha gundi nyembamba mara tatu, na kila mara anangoja ule weupe uishe ibaki kama maji ndio aongeze. Leisi akaibonyeza na meno ya kitana, akanifunga mkanda dakika 15, halafu ndio akakata leisi iliyobaki, tena kwa kupinda pinda, si mstari ulionyooka.

Mbona 4 sasa? Niliambiwa saa tatu nikaguswa saa tano kasoro, hakuna hata pole. Na zile nywele za mbele za kulaza alinichorea nyingi kama mawimbi ya ziwa, nikamwomba apunguze mara mbili. Nililipa 2,500 pamoja na kublichi, kwangu ni sawa.

Nimeivaa kwa hili joto la Kisumu, nimepanda nayo boda na helmeti, hakuna mtu ameniita kando. Leo ni siku ya tisa na hapo kwa sikio la kushoto imeanza kuinuka, ni upande wa kulalia. Nimempigia akasema nisiguse, nisivute, na "tafadhali usipake ile gundi ya watoto wa shule." Kwani alijuaje?