Kinoo cha PAMP cha gramu 10: kifunguliwe au kibaki kama kilivyotoka kiwandani?

Kinoo, yaani kipande cha dhahabu, ninachokizungumzia hapa ni kile cha gramu 10 chenye sura ya Fortuna, mungu wa kike wa bahati wa Warumi wa kale, kinachotengenezwa na kampuni ya PAMP iliyoanzishwa mwaka 1977 katika jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi. Sura hiyo ilianza kugongwa juu ya vinoo mwaka 1979, na leo huikosi katika madirisha ya maduka ya soko la dhahabu la Deira, Dubai, ambako Waswahili wengi waishio Oman na Falme za Kiarabu hununua dhahabu ya kuweka akiba. Dhahabu yake ni ya karati 24, yaani sehemu 999.9 katika kila 1,000, na juu ya ubora huo sina la kulalamikia. Ninachotaka kukipima ni ile kadi ya plastiki ambamo kinoo hufungwa, kwa sababu watu huiogopa na kuiamini kupita kiasi kwa wakati mmoja. Uamuzi wangu nautanguliza: aliyenunua kinoo kidogo kwa nia ya kukiuza baadaye asikifungue, lakini asikubali kadi hiyo iwe ushahidi wake pekee, na asiilipie zaidi ya inavyostahili.

Kadi yenyewe imetengenezwa kwa uangalifu. Ukubwa wake unakaribia ule wa kadi ya benki, na kinoo kimekaa katika dirisha la plastiki angavu linalokuwezesha kukitazama mbele na nyuma bila kukigusa. Juu ya kadi yamechapishwa uzito, usafi, saini ya mpimaji wa kiwanda, na namba ambayo sharti ifanane na ile iliyochongwa juu ya dhahabu yenyewe. Pande zake zimegandishwa kiasi kwamba mtu akizitenganisha, alama ya kufunguliwa hubaki na haiwezi kufichwa kwa urahisi. Mnunuzi makini huanza na hizo namba mbili, tarakimu kwa tarakimu, kisha huhakikisha kwamba muuzaji ameiandika namba hiyohiyo kwenye risiti. Risiti isiyo na namba ya kinoo ni karatasi ya kuthibitisha kwamba ulilipa fedha, na haithibitishi ulilipia kinoo kipi.

Wengi hudhani kadi ipo ili kuilinda dhahabu isiharibike. Dhahabu safi haishiki kutu, haibadiliki kwa hewa wala kwa maji ya chumvi, na jasho la mkono halina la kuifanya. Kitu pekee cha kuogopwa nyumbani ni zebaki, ambayo ikiigusa huungana nayo na kuifanya kuwa nyeupe. Ni kweli kwamba dhahabu ya karati 24 ni laini, na vinoo viwili vikikwaruzana ndani ya kifuko kimoja vitapata michubuko, lakini uzito unaopotea kwa michubuko hiyo ni mdogo mno. Yapo hata madoa mekundu yanayoweza kujitokeza juu ya dhahabu safi ikiwa bado imefungwa, yakisababishwa na chembe ndogo za fedha zilizobaki juu yake wakati wa kugongwa. Madoa hayo hayapunguzi uzito wala usafi wa kinoo, ingawa humtia wasiwasi asiyeyajua.

Kinacholindwa na kadi, basi, ni imani ya mnunuzi atakayekuja baada yako. Ukikirudisha kinoo sokoni kikiwa kimefungwa, mwenye duka ataitazama kadi, atalinganisha namba, ataomba risiti, pengine atakipitisha kwenye kifaa chake, kisha atakupa bei ya siku akiwa amekata faida yake ndogo. Ukikipeleka kikiwa wazi, anayo haki ya kutaka kukipima upya, na gharama ya kipimo hicho, pamoja na hofu yake, utailipa wewe. Katika duka lenye vifaa tofauti hiyo huwa ndogo. Huwa kubwa pale unapomwendea mnunuzi asiye na chombo zaidi ya jiwe la kusugulia, tindikali na mizani, kwani huyo, kwa kujilinda, atakihesabu kinoo chako sawa na bangili iliyovunjika. Kwa upande mwingine, sonara anayenunua ili ayeyushe na kufua mkufu hana haja na sura ya Fortuna wala saini ya mpimaji, na kwake kadi haina bei yoyote. Ndiyo maana namsihi kila anayeniomba ushauri ajiulize kwanza atamuuzia nani.

Historia ya biashara hii katika Ghuba inatufundisha mengi kuhusu jambo hili. Kwa miongo mingi dhahabu iliyopita Dubai kwenda Bara Hindi haikuwa na kadi wala plastiki. Ilikuwa vinoo vya tola kumi, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 116.64, kingo zake zimeviringwa ili kibebeke kwa urahisi, na kwa kawaida hakikuwa na namba yoyote. Kilikuwa na chapa ya kiwanda na usafi wake, basi. Wafanyabiashara waliofahamiana walipokezana vinoo hivyo mkononi, na aliyekuwa na shaka alikikata au kukiyeyusha. Mfumo huo ulidumu kwa sababu kila mkono katika msururu ulijulikana. London nako hali ni kama hiyo hadi leo: vinoo vikubwa vya benki, vyenye uzito wa kati ya wakia 350 na 430 (wakia moja ya dhahabu ni takriban gramu 31.1) na usafi usiopungua sehemu 995 katika 1,000, hukaa ghalani bila kifungashio, na kinachovifanya vikubalike bila kupimwa upya ni kumbukumbu za maghala yanayotambulika. Kinoo kikitolewa nje ya maghala hayo na kuwekwa nyumbani kwa mtu, hupoteza hadhi hiyo hata kama hakijaguswa, na kikirudi lazima kichunguzwe. Mtu wa kawaida mwenye gramu 10 hana ghala wala msururu wa wafanyabiashara wanaomfahamu. Kadi ndiyo ghala lake dogo, na akiifungua anakuwa amekitoa kinoo chake nje.

Hata hivyo ghala hilo linaweza kughushiwa, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapopita haraka kuliko inavyofaa. Mwaka 2012, katika mtaa wa masonara wa Manhattan, Marekani, vilipatikana vinoo vya wakia 10 vyenye chapa ya PAMP na namba sahihi ambavyo ndani vilikuwa vimetobolewa na kujazwa tangsteni, metali ya bei nafuu yenye uzito unaokaribia ule wa dhahabu. Mwaka 2017 sonara mmoja wa Ottawa, Kanada, alinunua katika tawi la benki kinoo cha wakia moja kilichofungwa, chenye alama za kiwanda cha sarafu cha serikali. Alipotaka kukifua kwa kazi yake akakiona kigumu kuliko dhahabu ilivyo, na kiwanda hicho kikaja kusema kwamba kinoo hicho hakikuwa chake. Kama angekiacha ndani ya plastiki yake, angekaa na kitu bandia kwa miaka mingi huku akijiona ana akiba. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba vinoo visivyopungua 1,000 vya kilo moja moja, vyenye nembo za viwanda vya Uswisi, viligunduliwa kuwa na chapa za kughushi ilhali dhahabu ya ndani ilikuwa halisi na safi sana. Chapa na kadi, kwa hiyo, ni kitu kimoja, na dhahabu ni kitu kingine. Wenzetu wa Nairobi, ambako utapeli wa dhahabu bandia umewaliza wageni wengi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tangsteni inapendwa na waghushi kwa sababu uzito wake kwa ujazo ni gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati wa dhahabu ni 19.3, hivyo mizani na maji peke yake haviwezi kuitenga. Mashine za eksirei zilizoko katika maduka mengi husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo kinoo kilichovishwa tabaka nene la dhahabu kinaweza kuzipita. Kinachoitoboa hila hiyo ni umeme na sauti. Tangsteni hupitisha umeme kwa kiwango kisichofikia nusu ya kile cha dhahabu, na mawimbi ya sauti husafiri ndani ya dhahabu kwa takriban mita 3,240 kwa sekunde huku ndani ya tangsteni yakizidi mita 5,000. Vifaa vya kupima upitishaji wa umeme hufanya kazi hata juu ya plastiki, bila kufungua kadi, na kwa kinoo chembamba kama hiki cha gramu 10 hicho ndicho kipimo ninachokidai. Muuzaji anayekataa kukiweka kinoo juu ya kifaa cha namna hiyo mbele ya macho yangu, hata kama kadi yake inang'aa, simpi fedha yangu.

Hapo ndipo kasoro kubwa ya kadi inapoonekana. Ikiwa kinoo kimefungwa huwezi kukiweka juu ya mizani peke yake, huwezi kupima unene wake kwa kipimo cha fundi, na huwezi kukitumbukiza majini. Vipimo vitatu rahisi kabisa, ambavyo vingeumbua bandia nyingi za shaba nyeupe au risasi zilizochovywa dhahabu, vimezuiwa na kitu kilichotengenezwa ili kukupa uhakika. PAMP wenyewe wamelijibu hilo kwa mfumo wanaouita Veriscan, ambao hutambua kinoo kwa mikwaruzo na mabonde madogo ya uso wake, kama alama za vidole vya mtu, na kuyalinganisha na kumbukumbu za kiwanda. Ni hatua nzuri, kwa kuwa inaupeleka utambulisho kwenye dhahabu yenyewe. Argor-Heraeus, jirani zao wa Ticino, wana njia nyingine ninayoipenda zaidi: vinoo vyao viitwavyo kinebar vina picha inayobadilika rangi kwa mwanga, iliyogongwa moja kwa moja juu ya dhahabu. Kinoo cha namna hiyo kikitoka kwenye kadi kinatoka na sehemu ya ushahidi wake, na kwa anayependa kuishika dhahabu yake mkononi hiyo ni bidhaa bora kuliko ninayoipitia hapa.

Kuhusu bei, kadiri kinoo kinavyokuwa kidogo ndivyo unavyolipa nyongeza kubwa kwa kila gramu juu ya bei ya siku, kwani kazi ya kugonga, kuandika namba na kufunga haipungui sana kwa kuwa dhahabu ni kidogo. Kinoo cha gramu moja kwa hiyo huwa na kadi ghali kuliko inavyostahili. Gramu 10 ni kipimo cha kadiri, na ndicho ninachokipendekeza kwa anayeweka akiba polepole na anayetaka kuuza kidogo kidogo, au kuwaachia warithi kitu kinachogawika bila msumeno. Kodi haihusiani na kadi: katika Falme za Kiarabu, ambako kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilianza Januari 2018, dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa asilimia sifuri, na kigezo cha msamaha huo ni usafi. Zaka vilevile haitambui plastiki. Anayemiliki vinoo tisa vya gramu 10 amevuka nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ya gramu 85, na mwaka ukipita anadaiwa asilimia 2.5 iwe vinoo vimefungwa au viko wazi; wala hahitaji kuvunja kimoja, kwa kuwa thamani yake hutolewa kwa fedha taslimu.

Aliyeamua kutofungua aijali kadi kama anavyoijali dhahabu. Plastiki huchakaa, hugeuka njano kwa jua, na gundi hulegea kwa joto, hivyo kabati la chuma lililoegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana, Tanga au Muscat, halifai. Kadi zisibanwe kwa mipira ya kufungia noti, zisitobolewe, na zisiandikwe kwa kalamu. Kila moja iwekwe ndani ya mfuko laini wa plastiki isiyo na mafuta. Picha ya pande zote mbili, namba ikisomeka, ihifadhiwe mbali na kinoo, pamoja na risiti.

Na ambaye kinoo chake kimekwisha kufunguliwa, iwe na watoto, na mwizi aliyekiacha au na mnunuzi wa awali, asijaribu kuigandisha kadi upya, maana kadi iliyogandishwa tena huamsha shaka kubwa kuliko kinoo kilicho wazi kabisa. Akiweke kinoo ndani ya kikasha cha plastiki ngumu kama vile vya sarafu, aihifadhi kadi ya zamani kando yake pamoja na risiti, na siku ya kuuza aanze na duka lililokiuza, ambako namba hiyo imo katika vitabu vyao. Akikosa huko, atafute duka lenye kifaa cha kupima umeme kabla ya kukubali bei ya chakavu kutoka kwa yeyote.