Steshenari ya jirani na soko kuu, Mtwara mjini: nyota tatu

Nawapa nyota tatu. Zingekuwa nne na nusu, ila dogo wa kaunta amezila, na nitaeleza alizilaje. Jina la duka naliacha. Wenyeji mtalijua kwa feni yake inayolia kama cherehani, na kompyuta namba mbili ambayo herufi A imefutika kabisa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha upande wa Nanyamba. Desemba niliingia mjini na transkripti yangu, yaani karatasi ya matokeo ya chuo, kwenye bahasha ya kaki, nimeshaamua kuomba nafasi ya uzamili nje, chuo kimoja Uingereza na kingine Marekani. Uingereza walitaka wadhamini wawili wa kitaaluma, yaani walimu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, Marekani watatu. Wawili hawakunisumbua, tunasalimiana hadi leo. Wa tatu, niliyemtaka kwa vyuo vyote viwili, ni profesa wangu wa Dar, ambaye tangu nihitimu mwaka 2017 sijamtumia hata salamu ya Idi. Aibu hiyo ndiyo niliyoingia nayo dukani.

Kwanza huduma za kawaida. Msimu wa korosho usije asubuhi, foleni yote ni wakulima wanaotoa kopi za vitambulisho vya taifa vya NIDA na kadi za benki. Kopi mia, kuprinti mia mbili, kuskani mia tano, bei za mji mzima. Skana yao mbovu. Ilinichorea mstari mweusi juu ya GPA, yaani wastani wangu wa alama, na tovuti ya chuo ilipokataa faili lililozidi MB 2, dogo akalipunguza mpaka mhuri ukabaki kama doa la chai. Ukurasa mmoja nikaulipia mara tatu. Nusu nyota ikaenda.

Nyota nzima ilikwenda hivi. Nilipomwambia dogo nataka kumwandikia profesa anipe barua ya mapendekezo, akainama na kushusha sauti: "Ticha, unajisumbua. Hao hawajibu. Nakuchapia mimi, elfu kumi na tano, na mhuri juu." Akafungua folda, na kweli zimo, barua tele, zote zinaanza kwa sentensi ileile, jina tu ndilo linabadilishwa. Sijui hajui au hajali kwamba siku hizi barua hizi kwa kawaida hazipiti mkononi mwa mwombaji. Wewe unajaza jina la profesa na barua pepe yake ya chuoni, chuo unachoomba kinamtumia yeye kiungo, naye anaipakia mwenyewe. Ukikamatwa na ya kufoji, hata shahada ya kwanza utaanza kuitolea maelezo.

Mama mwenye duka alikuwa nyuma anapanga karatasi. Akamwita dogo kwa jina lake kamili, yaani lile la cheti cha kuzaliwa, na dogo akaenda kununua maji. Kumbe mama ni mhazili mstaafu, miaka mingi ofisi za serikali. Akavuta kiti: "Haya mwalimu, nisomee ulichoandika."

Nilikuwa nimeandika aya nzima ya salamu, nikaulizia familia, nikaeleza mvua zilivyoanza Mtwara, nikagusia na bei ya korosho. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, hii ni posa au ni ombi?"

Tukabakiza "Shikamoo Profesa", mengine yote Kiingereza. Mama hajui hata jiografia inafundishwaje chuoni, lakini barua anaijua. "Huyo kafundisha watu wangapi tangu uondoke? Mpe kitu cha kukukumbukia." Nikakumbuka siku ya kuwasilisha tasnifu yangu ya mikoko ya Msimbati. Profesa aliuliza ni nani anayekata mikoko wakati eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000. Nikajibu, "Wajomba zangu, Profesa." Darasa zima likacheka. Mama akasema hiyo hiyo, iweke juu kabisa.

Chini yake tukaweka kozi ninazoomba na tarehe za mwisho, zote sehemu moja asihangaike kuzitafuta, tukaambatanisha transkripti, wasifu, na rasimu ya maelezo yangu ya kwa nini nataka kusoma. Halafu sentensi ambayo sikuitaka: kama nafasi haimruhusu, aniambie tu, nitaelewa. Nikamwambia mama hapo namfungulia mlango wa kukataa. Akasema afadhali akatae Desemba kuliko akuandikie barua ya shingo upande Januari.

Umeme ukakatika kabla hatujatuma. (Gesi ya kuzalishia umeme inasafishwa Madimba, hapo jirani, lakini tuyaache.) Tukatuma kwa simu yangu, bando langu.

Siku tisa kimya. Ya kumi nikatuma mistari mitatu ya kukumbusha, jioni likaja jibu: "Wewe ni yule wa wajomba?" Basi. Kesho yake akaniambia kiungo cha Uingereza hakijamfikia, kumbe kilikuwa kimeangukia kwenye taka za barua pepe.

Fomu ya Marekani ilikuwa na kisanduku kinachouliza kama naachia haki yangu ya kuisoma barua. Kwao kuna sheria ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake. Kidole kiliganda hapo muda mrefu, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua nimesemwaje. Mama akauliza, "Wewe ungeamini sifa alizoandikiwa mtu huku anachungulia begani?" Nikaachia.

Barua ya Uingereza mwisho wake ulikuwa 23:59 za kwao. Mama akahesabu kwa vidole: kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku, usilale saa sita ukadhani mambo yamekwisha. Saa saba usiku simu ikatetemeka. Imepokelewa.

Juzi nimempelekea mama kilo mbili za korosho zilizobanguliwa. Dogo akaniuliza kama barua ya profesa ninayo, anataka kuona inaanzaje. Sina. Hata mimi sijaisoma.