Kenya Law: maktaba ya sheria ya bure kwenye simu, nawapa nyota nne

Mimi si wakili nauza vyombo vya plastiki Kongowea, Mombasa, duka la kupanga miaka saba sasa, na mimi na mwenye duka hatujaandikiana hata karatasi moja, ni maneno tu na kodi naituma kwa simu kila tarehe tano. Mwezi wa pili kijana wake akaja na kikaratasi cha mkono, ati baada ya siku thelathini kodi inapanda mara mbili, hutaki fungasha. Nikapiga simu kwa wakili nikatajiwa pesa ya kuja tu kukaa kitini tuongee, nikasema ahsante nitakupigia.

Ndo jirani yangu wa duka la nguo akaniambia shangazi ingia Kenya Law, saiti ya kenyalaw.org, sheria zote ziko humo. Nikajua ni zile za kulipia. Wala! Hulipi, hujisajili, hakuna pasiwadi, bando lako tu. Sheria za nchi zimo, hukumu za kuanzia Mahakama ya Juu mpaka kwa hakimu, Gazeti Rasmi la Serikali mpaka yale ya enzi za mkoloni. Nilikaa nayo mpaka saa saba usiku mtu naenda kuamka alfajiri.

Na humo ndo nikajua mimi nina jina kisheria, naitwa mpangaji wa kulindwa. Iko Sura ya 301, mawakili wanaiita Cap 301, ni ya maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Kama hamna mkataba wa maandishi, au mnao lakini hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa mdomo au kwa kikaratasi, lazima notisi iwe kwenye fomu maalum, Fomu A, na ikupe si chini ya miezi miwili. Wewe nawe una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, na ukikataa unapeleka shauri kwa traibunali ya kodi za nyumba za biashara, yaani baraza linaloamua kesi za wapangaji wa maduka na wenye maduka, kabla ya ile tarehe ya notisi kufika. Hapo msizubae, ukikaa kimya mpaka siku ifike ile notisi inakuwa na nguvu. Kisha nikasoma na hukumu zenyewe, wenye duka wangapi wameshindwa kwa sababu ya notisi mbovu tu, jamani nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa kuna kitu nilikuwa sikijui. Hii kazi ya kutunza na kuchapisha sheria za Kenya zamani ilikuwa kwa Mwanasheria Mkuu, mwaka 2009 ndo ikahamishwa ikapewa hawa Kenya Law, ambao wako chini ya Mahakama na mwenyekiti wao ni Jaji Mkuu. Kuchapisha hukumu walikuwa wanachapisha wao tangu zamani, baraza lao liliundwa kwa sheria ya 1994. Mimi naona ilikuwa sawa kuhamisha, manake Mwanasheria Mkuu ndiye wakili wa serikali, ukiishtaki serikali unakutana naye kule, sasa mwenye kesi ndo awe na kitabu cha sheria pia? Na hukumu zinaandikwa na majaji, kwa hiyo zikitoka zinaingia palepale hazizunguki maofisini. Kuna mtu aliniambia basi Mahakama nayo itaficha hukumu zake mbaya. Labda, lakini mimi nimeona humo hukumu kibao za rufaa zinazosema jaji wa chini alikosea, na jina la jaji liko wazi.

Nyota ya tano nimewanyima kwa sababu ya lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, halafu mtu wa Kongowea aje asome Kiingereza cha mahakamani! Mimi nilisaidiwa na binti yangu wa fomu three, bila yeye ningeishia ukurasa wa kwanza. Hata kutafuta lazima ujue maneno yao, ukiandika kodi ya duka hupati kitu, andika controlled tenancy, ndo huo upangaji wa kulindwa, uone zinavyomwagika.

Kingine, ukifungua sheria angalia tarehe yake kwanza, isije ikawa ulitumiwa kwenye grupu nakala ya zamani iliyokwisha badilishwa. Na hukumu za zamani zina alama ya eKLR, za siku hizi zina herufi za mahakama, KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufaa, usichanganye ukienda kubishana na mtu, ya Rufaa ina uzito zaidi.

Kijana wa mwenye duka nilimwambia tu mwanangu rudi kwa baba umwambie alete Fomu A. Akanitazama hivi. Wiki tatu baadaye imekuja, imejazwa vizuri na miezi miwili yangu imo. Nimejibu kwa maandishi kwamba sikubali, shauri nimeshapeleka, tunangoja tarehe.