Konekta za injini na tenda kwenye treni za modeli: ipi ununue, ipi uache

Hapa naongelea konekta, yaani plagi ndogo za kuunganisha waya za injini ya modeli na tenda (kile kibehewa cha makaa na maji nyuma ya injini ya mvuke). Kabla hujaagiza chochote hesabu waya zako kwanza, maana wengi wananunua konekta ya pini nne halafu ndo wanagundua walihitaji sita. Kama dekoda (kibao cha elektroniki kinachoendesha mota na taa) imekaa kwenye tenda, zinazovuka kwenda kwenye injini ni mbili za mota (chungwa na kijivu), mbili za kuchukua umeme relini (nyekundu na nyeusi) na mbili za taa ya mbele (bluu na nyeupe), sita hizo. Spika ikikaa tenda pamoja na dekoda, waya zake hazivuki.

Namba moja kwangu ni zile za milimita 1.25 kati ya pini na pini, zinazouzwa zikiwa na waya tayari. Mtandaoni zinaandikwa "JST 1.25" lakini mara nyingi ni nakala za PicoBlade za Molex (JST na Molex ni watengenezaji wa konekta), na haziingiliani na JST GH ingawa nayo ni 1.25, kwa hiyo dume (upande wenye pini) na jike (upande wenye matundu) nunua pamoja. Zihesabie ampea 1 hivi kwa pini, mota ya kawaida ya HO (skeli ya 1:87) ikitembea kwa kawaida haifiki hapo. Shida yake ni waya, nyingi ni ngumu, na waya ngumu zinasukuma tenda hadi magurudumu yanaruka reli kwenye kona, unabaki unalaumu magurudumu bure! Mimi nakata zile waya karibu na konekta naunga za silikoni, AWG 30 au 32 (kipimo cha unene, namba ikipanda waya ni nyembamba zaidi), laini kabisa, na urefu wake naupima injini ikiwa kwenye kona kali kuliko zote nilizonazo.

Ya pili ni vipande vya pini vya 1.27, unavunja idadi unayotaka, unachomelea waya mwenyewe. Vyeusi, vyembamba, chini ya tenda havionekani, ila vinaingia hata ukivigeuza, kwa hiyo ng'oa pini moja na uzibe tundu lake, na usiruke hilo.

Ya tatu JST SH ya milimita 1, hii kwa wa skeli ya N, ambayo ni ndogo kuliko HO. Dume lake limeundwa kukaa kwenye bodi, tafuta pa kulibandika. Usiichomoe kwa kuvuta waya, zinang'oka.

JST PH ya milimita 2 ni imara, ampea 2, lakini pini sita zinakula milimita 10 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na bado hujahesabu plastiki, kwa HO iache, inafaa treni kubwa.

Na rangi za waya za kiwandani usiziamini hata kidogo, dume na jike zinaweza kuja zimepishana, mi niliunguza dekoda nzima kwa sababu nyekundu ilikutana na chungwa. Pima kwa multimita pini moja moja, halafu unapochomeka au kuchomoa hakikisha injini na tenda vyote viko nje ya reli.