Vipuri vya T-34-85 ya skeli ya 1/35: uzoefu wangu wa kununua, kuagiza uchapaji wa 3D na kutengeneza mwenyewe

Modeli niliyokuwa nikiifufua ni ya kifaru cha Kisovieti T-34-85 katika skeli ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi. Ilinifikia kutoka kwa mkusanyaji mwingine ikiwa na upungufu mkubwa: magurudumu mawili ya kubebea hayakuwepo, minyororo ya mpira ilikuwa imekauka na kukatika, mtutu ulikuwa umepinda, na kimojawapo cha vile vifuniko viwili vya feni vilivyo juu ya mnara kilikuwa kimepotea. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayetafuta kipuri kilicho sahihi kwa maana kamili ya neno hilo, yaani kinacholingana na kifaru chenyewe kilichotoka kiwandani, si kile kinachotosha kuziba pengo na kupakwa rangi.

Ugumu wa kwanza hauko dukani, uko katika kifaru chenyewe. T-34-85 ilianza kutengenezwa mwaka 1944 katika viwanda vitatu: namba 183 cha Nizhny Tagil, namba 112 cha Gorky na namba 174 cha Omsk. Kila kiwanda kilikuwa na kalibu zake za kumiminia chuma, hivyo minara yao haifanani katika mikunjo wala katika mahali mshono wa kalibu unapopita. Magurudumu nayo yalikuwa ya aina zaidi ya moja, mengine ya sahani ya chuma iliyogandamizwa, mengine ya chuma kilichomiminwa chenye mbavu. Aidha, vifaru vingi vinavyoonekana leo katika makumbusho vilitengenezwa baada ya vita nchini Polandi na Chekoslovakia, au vilifanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1960 na kuvishwa magurudumu mapya yenye umbo la samaki nyota, ya aina iliyotumiwa na vifaru vya T-54 na T-55. Mtu anayenakili kifaru cha makumbusho kwa uaminifu wote anaweza kuweka gurudumu la miaka ya 1960 kwenye kifaru cha mwaka 1945. Kwa sababu hiyo, tangazo linalosema tu "magurudumu ya T-34, 1/35" huniambia kidogo mno, na muuzaji anayetaja kiwanda na kipindi hupata imani yangu kabla hata sijaona bidhaa yake.

Nilichukua pia vipimo vya kifaru halisi na kuvigawanya kwa 35, kisha nikaviweka mezani kando ya kalipa, chombo cha kupimia vipenyo na unene. Gurudumu la kubebea lina kipenyo cha milimita 830, hivyo katika modeli lapaswa kuwa na 23.7. Mnyororo wenye upana wa milimita 500 huwa 14.3. Tundu la mzinga wa milimita 85 huwa 2.4. Bamba la ubavuni lenye unene wa milimita 45 huwa kama 1.3. Namba hizi nne zilinisaidia kuliko picha zote za matangazo nilizozitazama, kwa kuwa picha ya kipande kidogo kilichokuzwa haionyeshi ukubwa wake.

Njia ya kumwandikia mtengenezaji wa modeli na kuomba fremu ya plastiki yenye vipande vilivyopotea ni nzuri kwa modeli ambayo bado iko sokoni. Vipande hushikana na vingine bila kulazimishwa, na plastiki ni ileile, kwa hiyo gundi ya kawaida hufanya kazi. Hata hivyo, kipuri cha namna hiyo hakiwezi kuwa sahihi kuliko modeli yenyewe. Yangu ni ya kalibu ya zamani ambayo fremu zake hazipatikani tena moja moja, basi njia hiyo ilifungwa mapema.

Mtutu ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote. Nilichagua wa alumini uliochongwa kwa mashine ya kukereza, aina ambayo kampuni kama Aber ya Polandi zimejijengea jina kwayo. Umenyooka kabisa, wembamba wake unapungua taratibu kuelekea mdomoni bila ngazi yoyote, na tundu lake lilisoma 2.4 kwenye kalipa. Mtutu wa plastiki wa nusu mbili zilizogundishwa hauwezi kufikia hapo, kwani ukisugua mshono kwa msasa, uduara nao unapotea. Tahadhari yangu moja ni kwamba mtutu wa alumini huundwa kwa kufuata modeli ya kampuni fulani, kwa hiyo kitako chake huenda kisiingie kwenye ngao ya mzinga ya modeli nyingine. Ilinibidi kupanua shimo kwa keekee ya mkono, kidogo kidogo, na kuushika kwa gundi kali baada ya kuhakikisha kwamba mtutu umelala sambamba na paa la mnara.

Kwa minyororo nilinunua ya metali nyeupe (aloi laini ya kumiminwa) ya Friulmodel, kampuni ya Hungaria, ambayo kila pingili huja peke yake na kuunganishwa na jirani yake kwa kipande cha waya. Hapa T-34 ina sababu yake ya pekee. Haina magurudumu madogo ya kushikilia mnyororo kwa juu. Sehemu ya juu ya mnyororo hulala moja kwa moja juu ya magurudumu makubwa na kubonyea katikati yake. Mnyororo wa mpira hukaa ukiwa umenyooka kama mkanda wa suruali, na hata ukiubana kwa gundi unaonekana kwamba umelazimishwa. Mnyororo wa metali hubonyea kwa uzito wake wenyewe, mahali panapostahili, na huo ndio usahihi ambao hakuna kalipa itakayoupima.

Kazi yake ni ndefu. Kila upande una pingili 72, nusu zenye jino na nusu zisizo nalo, zikipishana moja kwa moja. Matundu mengine huja yameziba kwa mabaki ya metali na lazima yafunguliwe kwa keekee nyembamba, huku kila pingili ikisafishwa kwa tupa. Inafaa kuhesabu na kutenga pingili za aina mbili kabla ya kuanza, kwa sababu gurudumu la kuendeshea la T-34, lililo nyuma, halina meno ya nje kama ya vifaru vingi. Lina roli sita zinazoyashika meno ya mnyororo kutoka ndani. Mpishano ukikosewa mahali pamoja tu, mnyororo hautakaa kwenye roli hizo. Baada ya kuosha mafuta nilitumia kimiminika cha kutia metali weusi badala ya rangi, nikasugua sehemu zinazokanyaga ardhi mpaka metali ikang'aa tena. Kwa bidhaa hii sina pingamizi lolote isipokuwa kwamba inahitaji subira.

Magurudumu ndiyo yaliyonipa darasa refu zaidi. Niliagiza seti iliyochapishwa kwa resini kwenye printa ya 3D, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Kwa macho yalikuwa ya kupendeza: bolti zilizokuwa doa tu kwenye plastiki sasa zilikuwa bolti kweli, na maandishi yalikuwa yakisomeka kwenye ukingo wa mpira. Kalipa ilisoma 23.2. Tofauti ya nusu milimita inaonekana ndogo, lakini ukirudi kwenye kifaru halisi ni zaidi ya milimita 17, na ukiweka gurudumu hilo katikati ya yale ya modeli, moja huning'inia hewani. Resini husinyaa inapoganda kwa mwanga, na mchapaji makini hukuza faili kwa kiasi kidogo ili kufidia hilo. Huyu hakuwa amefanya hivyo, na nilipomwandikia alinijibu kwamba kwenye faili kipimo ni sahihi. Jibu hilo sikulikubali, kwani mimi sikununua faili.

Mchapaji mwingine nilimtumia orodha ya vipimo kabla ya kulipa, nikamwomba achapishe gurudumu moja tu la majaribio na kulipima yeye mwenyewe baada ya kulikausha. Alikubali bila kusita, akaniuliza pia ni upande gani ningependa nguzo za kushikilia kipande wakati wa uchapaji ziguse. Swali hilo lilinionyesha kwamba anaijua kazi. Nguzo hizo huacha vidonda vidogo, na mahali pake sahihi ni upande wa ndani wa gurudumu, usioonekana. Seti yake ilisoma kati ya 23.6 na 23.7, na niliweka magurudumu yote kumi mapya, maana kuchanganya mawili ya resini na manane ya plastiki kungefanya ukali wa bolti utofautiane waziwazi.

Kwa anayepokea vipande vya aina hii, viguse kwanza. Vikinata, resini haijaiva, na rangi itakayopakwa juu yake itakuja kubanduka. Vaa glovu, vioshwe tena kwa alkoholi, vikauke, kisha vimulikwe kwa mwanga wa kuivisha resini. Kwa magurudumu, minara na masanduku, uchapaji huu kwangu umeshinda resini ya kumiminwa. Kwa ndoana na vishikio vyembamba siukubali, kwani huvunjika kwa kuguswa. Waya wa shaba hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Vipande bapa vya shaba vilivyochongwa kwa tindikali navyo husifiwa kupita kiasi. Kwa mabati ya juu ya minyororo vinafaa sana: bati la shaba la milimita 0.15 ni sawa na takriban milimita 5 katika kifaru halisi, ilhali plastiki ya milimita 0.8 ni sawa na 28, unene wa bamba la kuzuia risasi. Lakini seti hizohizo huleta pia vishikio bapa mahali ambapo kifaru halisi kina chuma cha duara, na hivyo vya plastiki ni sahihi kuliko vya shaba. Mimi hutumia sehemu ya seti na kuyaacha mengine kwenye fremu yake.

Kifuniko cha feni nilikitengeneza mwenyewe kwa kukinakili kile kilichobaki, kwa kalibu ya silikoni na resini ya kumimina. Kusinyaa hakukunitia wasiwasi hapa, kwa kuwa asilimia moja ya kipande cha milimita 8 ni 0.08 tu, nayo hupotea chini ya rangi. Kunakili kipande cha modeli yako ili kuikamilisha ni jambo moja. Kunakili kazi ya kampuni na kuiuza ni wizi, na nakala za namna hiyo hujitambulisha kwa bolti zilizofifia na vipimo vilivyopungua. Ukwaruzo wa chuma kilichomiminwa kwenye mnara niliupata kwa kupaka putii iliyolainishwa na kuigonga kwa brashi ngumu, na mishono ya kuchomelea kwa nyuzi za plastiki iliyovutwa juu ya joto.

Kilichobaki ni fremu za wavu ambazo baadhi ya vifaru vilivalishwa wakati wa mapigano ya Berlin mwaka 1945 ili kujikinga na Panzerfaust, silaha ya Kijerumani ya kubebwa na askari mmoja ya kupiga vifaru. Zilichomelewa karakana za vitani, na hazikufuata mchoro mmoja, kwa hiyo seti ya dukani itakuwa sahihi kwa kifaru kimoja tu, kama itakuwa. Nimechagua picha moja iliyopigwa ubavuni, na kwa kuwa gurudumu lina milimita 830 zinazojulikana, ninalitumia kama rula: upana wa fremu kwenye picha ukilinganishwa na kipenyo cha gurudumu hutoa kipimo halisi, mradi vyote viwili viko karibu umbali uleule kutoka kwa kamera. Fremu za mnara zimekaribia kuisha. Za ubavuni zinasubiri wavu wenye matundu madogo zaidi ya ule nilio nao, maana huu wa sasa, ukigeuzwa kuwa ukubwa halisi, matundu yake ni makubwa kuliko yanayoonekana pichani.